Fundo Kwenye Njia ya Kijito

…na anauliza tena, swali lile lile, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo ameshaona moshi wake, na Grégoire katekista, ambaye leo ndiye kinywa chake, anameza mate kwanza ndipo analigeuza kwa lugha yetu, "Mama huyu wa bunge ya Ulaya anauliza ninyi wamama, watoto wenu wanajifunzaka wapi inje ya kalasi, na sababu gani njia ya kwenda kijito iko imefungwa," na sisi akina mama tumekaa kwenye mikeka mbele ya shule, miguu tumeinyoosha, tumevaa vikwembe vya Jumapili ingawa leo ni siku ya shamba, na kila mmoja anatazama vidole vyake vya miguu kana kwamba amepewa leo asubuhi, na hakuna hata mmoja anayenitazama mimi, ndiyo maana najua wote wananifikiria mimi, ukitazamwa unaweza kujitetea, ukiepukwa na macho ya kijiji kizima utafanya nini, utakaa tu ukipapasa ukindo wa mkeka kama ninavyoupapasa sasa… mimi sikuwaita hawa wazungu, wangebaki kwao wakagombana wenyewe kwa wenyewe, maana ndivyo alivyotueleza Grégoire kanisani baada ya sala, kwamba kule kwao iko nyumba kubwa ambamo watu huketi kutunga sheria, na nyumba hiyo imegawanyika, wengine wanasema fedha ya shule za Kongo wapewe wamisheni, wengine wanasema hapana, serikali ijenge za kwake, basi wametuma wenzao watatu waje waone kwa macho kama fedha inayotolewa inafanya kazi iliyoandikiwa, na kazi mojawapo, sijui nani aliiandika na alikuwa amekaa kwenye kivuli gani, ni kwamba watoto wa vijijini wasifungiwe ndani ya kuta siku nzima, watoke, wafundishwe udongo kwenye udongo na miti kwenye miti na maji kwenye maji, na kama hawatoki fedha hiyo itakatwa, na ikikatwa kalasi ya juu itafungwa, mwalimu Zéphirin atahamishwa, na watoto wakubwa watarudi kwetu na majembe, kwenye pamba ya lazima ya kapita, yule msimamizi, alisema hivyo Grégoire, akafunga kitabu chake, watu wakatoka, nami nikatoka nikijiambia hayakuhusu, Emilienne, hayakuhusu, una shamba lako na huzuni yako, vinakutosha.

Lakini Bulaimu hakuweza kuliacha jambo litembee lenyewe, chifu wetu huyu ni mtu mwema, anaswali swala zake zote, hali mali ya mtu, ila akisikia mgeni wa serikali anatoka Kabambare anakuwa kama kuku aliyeona mwewe, fyeka nyasi, fagia barabara, paka kuta udongo mweupe, ficha mbuzi wenye upele, kazi hizo tumezizoea tangu wakati wa mama zetu, na safari hii akasema hawa wanataka kuona bustani ya watoto, basi bustani iwepo, kila mama alete kutoka shambani kwake kitu kibichi chenye mizizi, nasi tukaleta, ee Mungu, hakuna aliyeona ubaya wake, tuling'oa maharage yetu, tukang'oa lenga-lenga, Julienne alileta hata nyanya zenye maua, tukavichomeka mistari mistari mbele ya shule jana jioni, tukavimwagia maji, na palipendeza, hata mimi nilisema palipendeza, Bulaimu akapita katikati ameshika mikono nyuma kama kapita wa pamba, na leo gari la wageni likakwama kwenye potopoto upande wa Wamaza, jua likapanda, wageni hawafiki, mimea ikaanza kulala mmoja mmoja kama watoto kanisani, tukakimbia na vibuyu vya maji, ikalala vilevile, na walipofika hatimaye, wanaume wawili wembamba na mama huyu mnene mwenye kofia ya majani na viatu vya turubai, yeye ndiye aliyechutama, akashika shina la harage, likatoka lote bila ubishi, akautazama mzizi, akamtazama Bulaimu, na hakucheka, angecheka ingekuwa afadhali, njia ya mwongo fupi, yetu haikufika hata adhuhuri, akauliza pole pole mahali pa kweli ni wapi, na watoto wa kalasi ya juu, wajinga hao, wakaelekeza kwa midomo, wote pamoja, midomo yote upande wa kijito.

Wakaenda, nami sikwenda, nilibaki kwenye mkeka, lakini najua walichokiona, ni mimi niliyekifunga, fundo la majani ya mlalamlala limefungwa kutoka mti huu hadi mti ule kwa urefu wa kifua, limekauka sasa, limekuwa rangi ya panya, mtoto mchanga angelikata kwa kidole, na hakuna aliyelikata, kwetu ndivyo ilivyo, mahali palipochukua mtu pafungwe, na aliyefiwa ndiye anafunga, na aliyefiwa ndiye anafungua, siku ya kumaliza matanga, analegeza fundo kwa mkono wake mbele ya watu, anatangulia kupita, na njia inakuwa njia tena, na kabla ya hapo hapiti mtu, wala haulizi mtu, wala hasemi mtu kwa wageni, msiba wa mtu hausemewi, kumsemea mwenye msiba ni kumwambia umechukua muda mrefu, na Julienne aliyefuatana nao amekuja kuninong'oneza kwamba mama mzungu aliinama apite chini ya lile fundo, na Bulaimu, Bulaimu huyu ambaye angelala kwenye potopoto ili Bwana Mkubwa wa Kabambare asichafue viatu, alisimama mbele yake, akaeneza mikono, akasema tu, "Madamu, hapa hapana," na alipoulizwa sababu akafunga mdomo, Mwislamu yule, ambaye mafundo yetu kwake ni mambo ya ujinga, akafunga mdomo kwa ajili yangu, na mzungu mmoja mwembamba akasema lazima kuna mtu ameichukua ardhi ya shule, akaandika… matanga yenyewe tulimaliza zamani, pombe ikanywewa, nywele nikanyoa, Michel, mume wangu, akarudi machimboni Salamabila kesho yake kwa sababu alisema nyumba hii imejaa, nyumba yenye mtu mmoja pungufu imejaa nini, Michel, na watu wakatembea nami hadi kwenye ile miti, wakasimama nyuma yangu wakisubiri mkono wangu uinuke, na mkono haukuinuka, ukakaa huku ubavuni, mzito, si kwamba nilikataa, haukuinuka tu, wakangoja hadi kuku wakaingia vibandani, kisha mama mmoja akasema ee, twende tukalale, na wakageuka, na tangu siku ile hakuna aliyenikumbusha, si kwa mdomo si kwa jicho.

Safi wangu anakohoa kule kwenye mstari, amesimama na kalasi ya kwanza, kinguo chake nimekifua jana, wakati ule alikuwa bado mgongoni na sasa ameota meno mapya, na kaka yake angekuwa mstari wa nyuma, mstari wa wakubwa, angekuwa ameanza kuwa na sauti nzito… Heri wangu, Heri ambaye alikuwa hatulii, alikuwa anarudi kutoka shule na mifuko imejaa mawe na magamba na wadudu, nilimpiga kwa ajili ya wadudu, na kabla hajala ananivuta kikwembe, toka, mama, toka nikuonyeshe, na mimi mikono imejaa unga natoka, ananionyesha mlima wetu, mlima ambao nimezaliwa chini yake, ambao nimeupanda na mzigo wa kuni tangu sijaota matiti, ananiambia, "Mama, mulima inakunywaka mvua, halafu inatoa pole pole, ndiyo kijito," nikacheka nikamwambia mlima unywe nini hauna mdomo, akakasirika, akasema mwalimu amewaonyesha, wamechimba, wameona udongo unavyolia maji, na usiku ule nikalala nikiuwaza mlima wenye tumbo limejaa mvua, tangu hapo siwezi kuutazama kama zamani, hata hilo alinifundisha yeye, mtoto akamfundisha mama mlima wake mwenyewe, na asubuhi ile ya mvua kubwa walikwenda kupima kina cha kijito, kila mtoto na mwanzi wake, ukingo ulikuwa umeliwa chini kwa chini na maji na juu bado una majani mabichi mazuri, Heri alikuwa mbele, daima mbele, ardhi ikakatika kama kipande cha muhogo uliochemshwa, ndivyo walivyonieleza, na Zéphirin akajitupa na nguo zake na saa yake, akapiga mbizi akatoka, akapiga mbizi akatoka, akampata chini ya mizizi ya mti, na akapanda naye ile njia peke yake, watu walitaka kumpokea akakataa, akamleta hadi mlangoni kwangu, nilikuwa natwanga mpunga, nikaona kwanza miguu inaning'inia, miguu ile niliijua, na nilimwambia mwalimu neno moja tu, sikulia hata, watu wote walisikia, "Uliniomba mutoto mwenye kutembea, unanirudishia wa kubebwa," na Zéphirin akapiga magoti na mwanangu mikononi, na hajanijibu hadi leo, tukikutana njiani anashuka kwenye majani anipishe, mwalimu mzima, mwenye suruali, mwenye Kifaransa, ananipisha mimi kwenye njia kama mtoto, na mimi napita, Mungu anisamehe, napita na kichwa juu, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mimi nilikuwa nafikiri ni mimi peke yangu niujuaye…

Sasa mzungu mwembamba amechoka, anapepea uso kwa kofia, anasema kitu kifupi, na mama yule anageuka, anawaacha wamama, anamuuliza Zéphirin mwenyewe, kwa Kifaransa, hilo naweza kulisikia bila kuelewa, sauti yake haina ukali, ni sauti ya mtu anayetafuta funguo zake, na Zéphirin amesimama mbele ya darasa, mikono kwenye mishono ya suruali, amekonda, lini amekonda hivi, sikuwahi kumtazama, napita na kichwa juu nitamwonaje, anajibu kwa Kifaransa, maneno machache, na Grégoire badala ya kutugeuzia anatazama ardhi, hadi Bulaimu anamwambia sema, watu wasikie, na Grégoire anasema, bila kuinua macho, "Mwalimu anasema kosa ni yake mwenyewe. Anasema yeye iko mvivu, jua inamuchosha, ndiyo sababu hapeleki watoto inje," na mikeka yote ikaguna, si maneno, ni mguno tu wa matumbo, na mimi nikasikia kwanza kitu kama furaha, ee, nisiseme uongo, kitu kibaya cha moto kikapanda, nikasema moyoni ndiyo, kosa ni lako, hatimaye umesema, na kabla hakijafika kooni kikageuka, mvivu, Zéphirin mvivu, mtu ambaye alikuwa anatoka na watoto umande haujakauka, ambaye alijua miti yote hii kwa majina yetu na kwa majina ya kitabu, ambaye walikuwa wanamfuata kwenye nyasi wakiimba hadi bibi zao wanasimama milangoni kuwatazama, anasema kwa wazungu kwamba yeye ni mvivu, kwa nini, angesema tu kuna mama mmoja hapa, amekaa mkeka wa mbele, kikwembe cha bluu, amefunga njia na hataki kuifungua, muulizeni yeye, neno dogo tu, na lingekuwa kweli, na angelisema kwa Kifaransa nisingelijua hata, angeokoa mkate wake na jina lake, na hakulisema, amechukua uongo akajivika mbele ya kijiji ili mimi nisitazamwe, na mzungu mwembamba anaandika, anaandika haraka, hilo linamfurahisha, mvivu ni kitu wanachokijua, na mama mwenye kofia haandiki, amerudi kututazama sisi, haamini, ameona fundo, anajua mvivu hafungi njia kwa urefu wa kifua.

Wamenibeba, ndivyo ilivyo, wamenibeba wote, na mimi nilidhani natembea… kuku anapita katikati ya mikeka, hakuna anayemfukuza… maji, Mungu wangu, maji, kijito kilikuwa karibu, ukitupa jiwe kutoka shule linaanguka ndani, na tangu nilipofunga njia wamama wote wanazunguka mlima kwenda kwenye kisima cha upande wa pili, msimu wa mvua na msimu wa jua, na mitungi, na watoto mgongoni, na hawakuniambia, hata walipogombana nami kwa mambo ya mbuzi na mipaka hawakunitupia hilo, na leo asubuhi maji ya kupikia wageni wali, nilikutana na Julienne anateremka nayo, mtungi kichwani, tumbo lile la mwezi wake wa mwisho mbele, mkono mmoja umekandamiza kiuno, na aliponiona, sasa nakumbuka, sasa ndiyo naona, aliponiona aliutoa mkono kiunoni, akanyoosha mgongo, akatabasamu, akasema umeamkaje, dada, ili nisione kwamba amechoka, mwanamke yule amebeba maji na mtoto na bado akajiongezea kunibeba mimi… na watoto, watoto nao, Safi jioni moja amekaa karibu na moto, ananiimbia somo lake la Kifaransa, mto una kingo mbili, maji yanashuka, mto una kingo mbili, wanaliimba wote huko ndani ya kuta hadi tunalisikia mashambani, na Zéphirin anawachorea kijito kwenye ubao kwa chaki, Safi alinieleza vizuri, hapa jiwe, hapa ukingo, hapa mzizi, kisha akauliza, "Mama, kijito iko mweupe kweli?" na mimi nilikuwa nakoroga sombe, nikaendelea kukoroga, nikamwambia kula ulale, mtoto wa hapa hapa, mtoto aliyezaliwa na kijito chini ya mlango wa shule yake, anadhani maji ya kwao yana rangi ya chaki, na kaka yake alijua hata jinsi mlima unavyoyatoa, Heri angesikia swali lile angecheka hadi aanguke, kisha angemshika mkono, angemburuta, toka, Safi, toka nikuonyeshe, naye hayupo kumburuta, na aliye hapa wa kumburuta ni nani kama si mimi, na mimi nimefunga…

Naogopa maji, ndivyo nilivyokuwa nawaambia watu kwa ukimya wangu, na wao wakaamini, masikini, wakasema moyoni mama yule anaogopa kijito kisichukue mwingine, wakaniheshimu kwa woga huo, na si kweli, si hilo, ukingo ule ulishaporomoka wote, pale sasa pana mchanga, pamekuwa pana, mbuzi wanashuka kunywa bila kulowa magoti, naona kutoka juu, kila siku naona kutoka juu, maana shamba langu liko juu ya kijito, mpunga wangu unateremka hadi pale miti inapoanzia, na sauti za chini hupanda, hiyo ndiyo tabia ya pale, mtu akipiga chafya kwenye maji mimi nasikia kama yuko bega langu la kushoto, na zamani nilikuwa napalilia nikiwasikia, kalasi nzima, fujo, na katikati ya fujo naitoa sauti moja kama mtu anavyotoa jiwe kwenye mchele, ile pale, ile ndiyo ya Heri, naendelea kupalilia nimetulia… hilo ndilo nililofunga, Emilienne, sema basi, humu ndani hakuna mtu, hukufunga maji, ulifunga masikio, uliogopa siku utakapokuwa umeinama kwenye mpunga na watoto wakashuka pale wakaanza, wazima, wenye kelele, na wewe ukaanza kutafuta kama ulivyozoea, ukachambua sauti moja moja hadi zikaisha.

Grégoire anavuta pumzi, atauliza tena, mama mwenye kofia amemwambia auulize mkeka wa mbele, mzungu mwembamba amesimama, anakung'uta suruali, wanataka kwenda kabla mvua haijakamata barabara, Zéphirin bado mikono kwenye mishono, na sijainuka, bado nimekaa, miguu imenyooshwa, ukindo kati ya vidole, lakini mdomo wangu umeshaanza kutafuta neno la kwanza, sitasema mengi, mbele ya wazungu watu husema mengi wakasahau jambo lao, nitasema jina langu, nitasema mwalimu si mvivu, nitasema mtoto wangu alikufa pale akijifunza, haikuwa adhabu, haikuwa kazi ya pamba ya mtu, alikuwa anapima maji na alikuwa mbele, nitasema njia ni yangu na naifungua leo, nao wakitaka waandike hilo, wasipotaka wasiandike, fedha yao watajua wenyewe kule kwenye nyumba yao iliyogawanyika, na Zéphirin nitamwambia asishuke tena kwenye majani, hilo si la wazungu, hilo nitamwambia baadaye, nikiweza, na kesho, au siku jua litakapotoka, watashuka pale na mianzi yao, Safi na wote, na watapiga kelele, watoto wako hivyo karibu na maji, watacheka, na mimi nitakuwa juu na jembe langu na nitawasikia wote, nitasikia kila mmoja wao, nitamtafuta kati yao na sitampata, na wao wataendelea kucheka, na sitamwomba mtu yeyote awanyamazishe.